Somo: Kuchagua gari la rimoti la umeme la njia mbovu kwa bajeti ndogo

Anayenunua gari la kwanza huuliza kwanza linakimbia kilomita ngapi kwa saa. Swali hilo liwe la mwisho. La kwanza ni hili: likivunjika mkono wa mbele wiki ijayo, mkono mwingine utaupata wapi na kwa bei gani? Gari la njia mbovu litavunjika. Litaruka, litagonga jiwe, litapinduka. Bajeti ndogo haivumilii gari ambalo kipuri chake hakiuzwi.

Hatua ya 1: Gawanya fedha kabla ya kutazama gari lolote

Katika kila shilingi 100 uliyonayo, weka 60 kwa gari, 15 kwa betri ya pili, 15 kwa chaja nzuri na 10 kwa vipuri. Atakayemaliza zote 100 kwenye gari atacheza dakika kumi na tano, kisha atasubiri saa kadhaa chaja ndogo ya USB imalize kazi yake. Usafirishaji na ushuru wa forodha vihesabu pembeni, usivifiche ndani ya mgawanyo huu.

Hatua ya 2: Tenganisha kifaa cha kuchezea na gari la kweli

Kwa nje vinafanana. Tofauti iko ndani. Kwenye kifaa cha kuchezea, risiva (kinachopokea mawimbi ya rimoti), kidhibiti mwendo (kinachogawa umeme wa mota) na saketi ya usukani vyote viko kwenye bodi moja ya umeme. Ikiungua, gari limekwisha. Gari la kweli lina mota, kidhibiti mwendo, servo (kimota kinachogeuza usukani) na risiva, na kila kimoja kinafunguliwa na kubadilishwa peke yake. Katikati yapo magari ya bei nafuu ambayo risiva na kidhibiti mwendo vimeunganishwa lakini bodi yenyewe inauzwa kama kipuri. Hayo yanakubalika.

Jipime hivi: andika jina la modeli mtandaoni pamoja na majina ya vipuri vitano, yaani mkono wa chini wa mbele, gia kubwa, difu, servo na shokapu. Usipovipata vyote vitano kwa wauzaji wawili tofauti, achana na gari hilo hata kama bei inavutia.

Hesabu pia waya za servo. Servo ya kawaida ina waya tatu na unaweza kuweka ya kampuni yoyote yenye ukubwa uleule. Baadhi ya magari madogo ya bei rahisi yana servo ya waya tano: ndani yake kuna kimota na kipima pembe tu, akili yake iko kwenye bodi kuu. Hiyo huwezi kuibadilisha kwa servo ya kawaida bila kubadilisha na bodi.

Hatua ya 3: Anza na ardhi yako

Uwanja wa mpira wenye nyasi, barabara ya changarawe, mchanga wa pwani na udongo mweusi unaonata kila kimoja kinataka gari lake. Kwa makadirio, nyasi zikizidi nusu ya kimo cha tairi, gari litakwama au mota itachemka. Kwa hiyo bagi (gari jepesi la chini la mbio za vumbi) ndogo ya 1/18, yaani ndogo mara 18 kuliko gari halisi, au hata ya 1/14 iliyolala chini, inapendeza kwenye ardhi iliyoshindiliwa, ila kwenye nyasi za uwanja wa shule inateseka. Kwa nyasi na mawe chukua lori la matairi makubwa la 1/10. Kwa kupanda mawe taratibu kuna magari maalumu ya kutambaa. Hayo hayakimbii kabisa, lakini huvunjika mara chache na betri yao hudumu zaidi.

Magurudumu mawili au manne? Gari linalovuta kwa mawili ya nyuma lina difu moja na vipande vichache, kwa hiyo ni rahisi kulitunza, ila kwenye vumbi laini mkia unahama ukibonyeza gesi kwa pupa. La manne linashika vizuri zaidi, lakini lina difu mbili, shafti ya katikati na beringi nyingi za kuchakaa. Kwa bajeti ya chini kabisa, la mawili lililotengenezwa vizuri linalishinda la manne lililotengenezwa ovyo.

Hatua ya 4: Mota

Anza na mota ya brashi ya ukubwa wa 540 au 550. Ni rahisi, inavumilia, na kidhibiti mwendo chake ni cha bei ndogo. Vumbi hula brashi (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani ya mota) na komyuteta (sehemu inayozunguka ikisuguana navyo), basi ichukulie mota kama tairi: kitu cha kubadilisha kikichakaa. Mota isiyo na brashi ina nguvu zaidi na hudumu, lakini nguvu hiyo inaishia kwenye difu na shafti. Ukiiweka kwenye gari lenye gia za plastiki laini, umehamisha gharama tu kutoka kwenye mota kwenda kwenye gia.

Kasi iliyoandikwa kwenye boksi unaweza kuikagua mwenyewe. Chukua mota ya 3300 kV (hapa kV ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti, si kilovolti) kwa betri ya volti 7.4: 3300 × 7.4 ni mizunguko 24,420 kwa dakika. Kama uwiano wa gia zote ni 9 kwa 1, gurudumu linazunguka mara 2,713. Tairi la milimita 85 lina mzingo wa mita 0.267, kwa hiyo gari linakwenda mita 724 kwa dakika, karibu kilomita 43 kwa saa. Hiyo ni hesabu ya mota isiyobeba mzigo, ardhini itapungua. Muuzaji akikutajia 80 kwa namba hizohizo, anakudanganya.

Hatua ya 5: Betri na chaja

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na ndipo penye hatari ya moto.

Betri ya nikeli ya seli sita ina volti 7.2, ni nzito, inavumilia makosa. Lipo (betri ya lithiamu ya polima) ya seli mbili ina volti 7.4, nyepesi, yenye nguvu, na haisamehe. Ikijaa kabisa inafika 8.4. Seli moja isishuke chini ya volti 3.0 hata kidogo. Ni bora kusimama kwenye 3.3. Kama kidhibiti mwendo cha gari lako hakina uwezo wa kukata umeme betri inaposhuka, nunua king'ora kidogo cha volti kinachochomekwa kwenye plagi ndogo ya betri. Ni cha bei ndogo sana na kinaokoa betri nzima.

Namba ya C inakuambia betri inaweza kutoa ampea ngapi: 3000 mAh (ampea-saa 3) yenye 20C ni 3 × 20, yaani ampea 60. Kuchaji usizidi 1C, yaani ampea 3 kwa betri hiyohiyo. Chaja iwe ya kusawazisha seli, na uchaji juu ya sakafu ya saruji, mbali na pazia na godoro, ukiwa hapohapo. Betri iliyovimba haichajiwi tena. Usipocheza kwa wiki kadhaa, iache kwenye volti 3.8 kwa seli, si ikiwa imejaa.

Muda wa kucheza nao unahesabika: 1500 mAh ni ampea-saa 1.5, gari likila wastani wa ampea 8, unapata dakika 11 hivi. Ndiyo maana betri ya pili ina thamani kuliko mota kubwa.

Kagua pia plagi. Kuna ya Tamiya ya plastiki nyeupe, kuna T, kuna XT60, na Traxxas wana yao. Chagua aina moja na ulehemu zote ziwe hiyo. Ile ya Tamiya huchemka mota ikivuta umeme mwingi.

Hatua ya 6: Magari matatu ya kupima nayo

Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo tazama tabia zaidi.

WLtoys 144001: bagi ya 1/14, magurudumu manne, sahani ya chini ya chuma, mota ya 550, betri ya lipo ya seli mbili ya 1500 mAh. Ni ya bei ya chini kati ya haya matatu na vipuri vyake vimejaa mtandaoni. Risiva na kidhibiti mwendo viko pamoja. Kabla ya kukimbiza, fungua difu uongeze grisi na ukaze skrubu zote.

Traxxas Slash ya magurudumu mawili: 1/10, ilitoka mwaka 2008, mota ya brashi ya Titan 12T na kidhibiti mwendo cha XL-5 kinachohimili maji. Inagharimu zaidi, ila ni mnyama wa kazi, na karibu kila kipande chake unakipata kivyake. Kwa mwenye uwezo wa kusubiri miezi mitatu akiongeza akiba, hii ndiyo ningemshauri.

Tamiya TT-02B: hii unaiunda mwenyewe kutoka kwenye vipande. Inafundisha kuliko zote, kwa kuwa aliyeiunda anajua kuitengeneza. Lakini bei ya boksi si bei ya gari: rimoti, servo, betri, chaja na rangi ya ganda la nje hununuliwa mbali, na bushi za plastiki zinazokuja nayo ni vizuri uzibadilishe kwa beringi tangu siku ya kuunda.

Hatua ya 7: Likifika, usilikimbize bado

Skrubu zinazoingia kwenye chuma zitoe moja moja, tia tone la gundi ya skrubu, rudisha. Zinazoingia kwenye plastiki usizitie gundi, zikaze tu bila kuzidisha. Weka kipande cha karatasi ya daftari kati ya gia ndogo ya mota na gia kubwa, zisogeze zibane, kaza mota, kisha zungusha karatasi itoke. Ikitoka imekunjika bila kuchanika, nafasi iko sawa. Zikibana mno mota inachemka. Zikiachana, meno yanasagika.

Washa rimoti kwanza, halafu gari. Ukizima, gari kwanza. Ukiwa umeliinua magurudumu yakiwa hewani, bonyeza gesi kidogo kisha zima rimoti: magurudumu lazima yasimame. Yasiposimama, gari hilo halitoki nje mpaka tatizo lijulikane.

Kimbiza dakika tano, simama, gusa mota. Ukishindwa kuishika kwa sekunde tatu, tafuta sababu kabla ya kuendelea.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, ahsante kwa somo. Shemeji yangu anakuja kutoka Dubai, anaweza kunibebea gari na betri mbili za lipo?*

Anaweza. Gari liende kwenye begi la mizigo bila betri. Betri za akiba zibebwe kwenye begi la mkononi, kila moja kwenye mfuko wake, ncha zimefunikwa kwa tepu. Kikomo cha kawaida bila kibali ni saa-wati 100 kwa betri. Lipo ya volti 7.4 yenye 5000 mAh ni 37 tu. Aulize shirika lake la ndege kuhusu idadi. Kuagiza lipo peke yake kwa posta ya ndege ni kugumu zaidi: tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama shehena kwenye ndege za abiria.

*Gari langu linakwenda vizuri dakika sita hivi, halafu linakata. Likipumzika linaendelea. Betri mbovu?*

Dalili hiyo ni ya joto, mara chache ni betri. Kidhibiti mwendo kinajikata kikichemka. Kwanza toa gia ya mota, sukuma gari kwa mkono: likiwa zito, kuna beringi iliyojaa vumbi au shafti iliyopinda. Likiwa jepesi, punguza gia ya mota jino moja au mawili. Na kama unakimbiza kwenye nyasi ndefu, hamia kwenye ardhi tupu ulinganishe.

*(Mwanachama mwingine anaongeza)* Kagua na plagi, kaka. Ikiwa ya moto kuliko mota, shida iko hapo.

*Nikibonyeza gesi ghafla nasikia ka-ka-ka, gari haliondoki. Ni nini?*

Meno yanaruka. Shikilia gia kubwa isizunguke, kisha zungusha gurudumu moja la nyuma. Lile la upande wa pili likizunguka kinyume, difu hiyo ni nzima. Kagua gia kubwa na ya mota. Likiruka au lisipojibu, fungua difu. Gia zikiwa nzima lakini zina uwazi, weka washa (kipete bapa cha chuma) nyembamba nyuma ya gia ya pembe, ya milimita 0.1 au 0.2, mpaka zikutane bila kubana. Usiendelee kukimbiza ukisikia sauti hiyo: kipuri cha elfu chache kitaharibu difu nzima.

*Mwanangu ana miaka tisa. Anunuliwe dogo la bei rahisi kwanza?*

Dada, mnunulie la kweli lakini lipunguzwe nguvu. XL-5 ya Slash ina hali ya mafunzo inayokata gesi mpaka nusu, na rimoti nyingi nyingine zina kitasa cha kupunguza mwendo. Kuchaji lipo kubaki kazi ya mtu mzima, au mwanzishie kwa betri ya nikeli.

*Naishi Mombasa. Naweza kulikimbiza ufukweni?*

Mchanga mkavu wa juu, sawa, ukilisafisha gari kwa brashi na hewa baadaye. Pale maji yanapofika, usithubutu. Maandishi ya kuhimili maji yanahusu vifaa vya umeme, si beringi wala mota, na chumvi huanza kula beringi usiku uleule. Likilowa kwa bahati mbaya, toa betri, suuza kwa maji yasiyo na chumvi, kausha, kisha tia tone la mafuta mepesi kwenye kila beringi siku hiyohiyo.

*Nimetumiwa gari kutoka Marekani na chaja yake. Nichomeke kwa adapta ya plagi tu?*

Soma maandishi nyuma ya chaja kwanza. Ikiwa imeandikwa 100–240V, adapta inatosha. Ikiwa imeandikwa 120V peke yake, usichomeke: umeme wetu ni volti 230 hadi 240 na adapta ya plagi haibadilishi volti. Iweke kando, nunua chaja ya kusawazisha ya hapa.

*Naweza kuweka lipo ya seli tatu kwenye 144001 bila kubadilisha chochote?*

Hapana. Ikijaa inafika volti 12.6, na bodi ya kiwandani imetengenezwa kwa seli mbili. Kwa gharama ya bodi na mota utakazounguza unapata betri mbili zaidi za seli mbili.