Rangi ya nyumba: upige mwenyewe au uite fundi?

Kama chumba kina rangi tayari na ukuta haujaharibika, piga mwenyewe. Rangi ya maji haina ujanja mkubwa, unahitaji rola, brashi ndogo ya kwenye kona, msasa na nailoni ya kufunika sakafu, basi. Ila kama ukuta haujapigwa skiming (ule unga unaokorogwa na kupakwa kulainisha ukuta kabla ya rangi), au ni nje huko juu ghorofani, acha ushujaa ita fundi, maana skiming mbaya hakuna rangi ya kuificha, ukiwasha taa tu usiku mabonde yote hayo hapo.

Kabla ya kwenda Kariakoo piga hesabu. Lita moja inakula kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja (yaani kupaka mara moja), ukuta ukiwa laini. Chumba cha 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.7, ukitoa mlango na dirisha zinabaki kama mita 28, mikono miwili ni 56, kwahiyo lita 6 hivi, kopo la lita 4 halikutoshi. Na nunua yote siku moja, rangi ya kuchanganywa dukani ukiirudia kesho inaweza kuja tofauti kidogo.

Sasa sisi wa pwani tatizo letu ni unyevu na chumvi, watu wa Kigamboni na Msasani mnanielewa. Ukiona chini ya ukuta panatoa unga mweupe au rangi inavimba, usipake juu yake, itabanduka tu hata uweke rangi ya bei gani. Tafuta kwanza maji yanatoka wapi, bomba linavuja au udongo wa nje umepanda, rekebisha, kwangua, acha pakauke kabisa ndo upige praima, ile ya kutangulia chini ya rangi. Plasta mpya ipe kama wiki 4. Nje subiri masika iishe, Juni kwenda mbele.

Ukiita fundi, rangi nunua mwenyewe na ndoo ifunguliwe mbele yako, maji aongeze kama kopo linavyosema, wengine wanazimua mpaka inakuwa uji. Kubalianeni hata kwa WhatsApp: mikono mingapi, nani anapiga msasa, nani anafuta matone kwenye vioo. Akikwambia "bosi hapa mkono mmoja unatosha" ujue kuna saiti nyingine anaiwahi. Mpe ya kuanzia kidogo, salio mpaka mkono wa pili umekauka na umeukagua mchana, na rangi iliyobaki ibaki kwako.