Jinsi ya kuanza kufuatilia K League, ligi ya mpira ya Korea Kusini, na timu zake

Wabongo wengi tunaijua Korea Kusini kupitia Son Heung-min, na waliotutangulia kidogo kupitia Park Ji-sung wa Man U, ila hao wawili kipindi chote wakiwa mastaa hawajacheza hata mechi moja ya ligi ya kwao. Park alitoka chuo akaenda Japan, Son alikuwa akademi ya FC Seoul akachukuliwa na Hamburg ya Ujerumani akiwa bado dogo. Waliopita kwenye ligi yenyewe ni watu kama Kim Min-jae, yule beki wa Bayern, alianzia klabu ya Jeonbuk, na Cho Gue-sung aliyewapiga Ghana goli mbili za kichwa ndani ya dakika tatu Kombe la Dunia 2022 (Ghana wakashinda 3-2 hata hivyo), siku hiyo alikuwa mchezaji wa Jeonbuk. Kwahiyo vipaji vipo, shida ni kwamba watu hawajui waanzie wapi.

Ligi inaitwa K League, ilianza 1983 na timu 5 tu na bingwa wa kwanza alikuwa Hallelujah, timu ya wachezaji Wakristo. Leo daraja la juu ni K League 1 lenye timu 12, chini yake kuna K League 2, na kupanda na kushuka daraja kulianza 2013.

Ushauri wangu wa kwanza, usianze na msimamo wa ligi. Kila ukikutana na timu jiulize hii timu ni ya nani? Ukishajua hilo mambo mengine yote yanaanza kueleweka, kwanini huyu ana hela, kwanini hawa wanachukiana, kwanini timu fulani inabadilisha wachezaji nusu katikati ya msimu.

Kuna timu za makampuni. Ulsan HD ni ya Hyundai wa meli, Jeonbuk Hyundai Motors ni ya Hyundai wa magari, Pohang Steelers ni ya POSCO, kiwanda cha chuma, na uwanja wao Steelyard uliofunguliwa 1990 ndo wa kwanza Korea kujengwa kwa ajili ya mpira tu, bila ile njia ya riadha inayokuweka mbali na wachezaji. FC Seoul ni ya GS, Suwon ni ya Samsung. Jeonbuk ndo wenye mataji mengi, 10, la mwisho 2025 wakiwa na kocha Gus Poyet, na cha ajabu ni kwamba mwaka mmoja nyuma walimaliza nafasi ya 10 wakacheza mchujo wa kujiokoa wasishuke. Ulsan walibeba 2022, 2023 na 2024 mfululizo. Hao Ulsan ndo waliokutana na Mamelodi Sundowns Kombe la Dunia la Vilabu 2025 kule Orlando, Sundowns wakashinda 1-0, kama uliangalia ile mechi basi tayari umeshawaona.

Ulsan na Pohang ni majirani wa pwani ya mashariki na dabi yao ndo naipenda kuliko zote. Desemba 2013, siku ya mwisho ya ligi, Ulsan wako nyumbani wanahitaji sare tu wawe mabingwa, Pohang lazima washinde. Mpira ukafika dakika za nyongeza bado 0-0, ikapigwa faulo ikaingia ndani ya boksi, purukushani, mpira unagongagonga miguu ya watu, beki Kim Won-il akausukuma nyavuni dakika ya 95. Ubingwa ukahama pale pale. Af 2019 Ulsan tena, siku ya mwisho tena, Pohang wale wale wakawapiga 4-1 na taji likaenda Jeonbuk. Hapo ndo utaelewa kwanini mshabiki wa Ulsan akisikia jina la Pohang anakunja sura.

Hiyo ya 2019 inatuleta kwenye sheria moja ya kukariri mapema: timu zikilingana pointi kinachoangaliwa kwanza ni magoli ya kufunga, sio tofauti ya magoli. Jeonbuk na Ulsan walimaliza wote na pointi 79, Jeonbuk magoli 72, Ulsan 71. Goli moja. Ndo maana utaona timu inaongoza 3-0 na bado inashambulia kama imefungwa.

Sasa upande wa pili kuna timu za miji na mikoa, hela inatoka manispaa, wadhamini na wananchi wenyewe. Gangwon, Gwangju, Incheon, Daegu na wengine. Bajeti zao ndogo lakini usizidharau, Gangwon walimaliza wa pili 2024 wakiwa na dogo Yang Min-hyeok aliyesajiliwa na Tottenham, na Gwangju walifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Asia 2025, wakapigwa 7-0 na Al Hilal ndio, ila kufika pale kwa timu ya hela ile ni kazi kubwa sana.

Kwenye kundi hili yupo ninayemshabikia, FC Anyang, na naomba nieleze vizuri maana ukiijua hii stori umeijua nusu ya ligi. Mji wa Anyang uko jirani na Seoul, ulikuwa na timu kubwa tu, Anyang LG Cheetahs, mabingwa wa 2000. Mwaka 2004 wenye timu wakaihamishia Seoul, ikawa FC Seoul. Mji ukabaki hivi hivi bila timu. Mashabiki hawakukubali kuhamia kwingine, wakapambana mji wao upate timu tena, mpaka 2013 ikazaliwa FC Anyang, rangi ya zambarau, ikaanzia daraja la pili. Wakasota huko miaka na miaka, 2024 wakabeba ubingwa wa daraja la pili wakapanda. Februari 2025 wakaenda Seoul kwa mara ya kwanza kwenye ligi wakafungwa 2-1, ila Agosti wakarudi uwanja ule ule wakashinda wao 2-1. Mashabiki wa Anyang kwenye kona ya wageni wamevaa zambarau wanalia kabisa, watu wazima. Bucheon nao walifanyiwa hivyo hivyo, timu yao ikapelekwa kisiwa cha Jeju 2006, mashabiki wakaunda Bucheon FC 1995, na mwisho wa 2025 nao wakapanda daraja la juu. Kwangu hiki ndo kitu kizuri kuliko vyote kwenye mpira wa Korea.

Kundi la tatu lina timu moja tu, Gimcheon Sangmu, timu ya jeshi. Huku kwetu timu za jeshi tunazijua ila hii iko tofauti, haisajili mtu. Korea kijana wa kiume mwenye afya lazima atumikie jeshi, karibu mwaka na nusu, mchezaji mzuri anaomba nafasi Sangmu, akichukuliwa anaicheza hiyo timu huku akiwa askari, akimaliza anarudi klabu yake, mara nyingi katikati ya msimu. Kwahiyo unaweza kukuta timu ya jeshi iko nafasi za juu mwezi wa sita (2024 walimaliza wa tatu) af karibu nusu ya kikosi inaondoka wanaingia wengine wapya. Wanaochomoka kwenye hili ni wenye medali ya Olimpiki au dhahabu ya Michezo ya Asia, ndo ilivyokuwa kwa Son 2018.

Msimu wao unaanza mwezi wa pili au wa tatu unaisha kuelekea Desemba maana baridi ya kule sio ya kuchezea mpira. Timu 12 zinacheza mechi 33 kila moja, halafu ligi inakatwa katikati, sita za juu zinacheza zenyewe kwa zenyewe mechi 5, sita za chini vile vile. Ikishakatwa hivyo wa saba hawezi kumpita wa sita hata akiwa na pointi nyingi zaidi, usije ukashangaa. Chini huko ni vita, mpaka 2025 wa mwisho alikuwa anashuka moja kwa moja na wa juu yake walikuwa wanacheza mchujo na timu za daraja la pili. Hakuna mkubwa anayeogopwa, Suwon ya Samsung, mabingwa mara 4, walishuka 2023 nyumbani kwao kwa sare ya 0-0 na Gangwon, na mpaka leo wanajaza uwanja daraja la pili kuliko timu kibao za juu.

Kuangalia, ligi ina huduma yake ya mtandaoni inaitwa K League TV kwa nchi ambazo hakuna televisheni iliyonunua haki, na magoli yanawekwa YouTube. Korea wako mbele yetu masaa 6, mechi ya saa nane mchana kwao ni saa mbili asubuhi kwetu, ya saa moja na nusu usiku kwao ni saa saba na nusu mchana, yaani unaangalia vizuri tu kabla mechi nyingi za EPL hazijaanza. Anza na Ulsan na Pohang, au Seoul na Anyang, mechi nzima sio dondoo, na siku za mwanzo shika namba za jezi badala ya majina, maana jina la ukoo ndo linatangulia na kina Kim, Lee na Park kwenye kikosi kimoja wanaweza kuwa hata nane.