Bastola Mpya Uwanjani: Jinsi ya Kuijaribu CZ P-07 Kabla ya Kuiamini

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha pata cheti chake kutoka Bodi ya Leseni za Silaha, akapita mafunzo ya msingi, na sasa ana bastola mpya ndani ya boksi. Kanuni za usalama sizirudii hapa. Kama bado hujazizoea kiasi kwamba kidole chako kinakaa nje ya triga chenyewe bila kukumbushwa, rudi kwa mwalimu wako kwanza.

Natumia CZ P-07 kama mfano kwa sababu ndiyo inayopita mikononi mwangu mara nyingi kazini, na Wakenya tunazijua Ceska (ndizo hizihizi CZ) tangu zamani. Inatoka Uherský Brod, Ucheki, ni ya ukoo wa CZ 75 ya mwaka 1975, inatumia risasi za 9x19 mm, na magazini yake ya kawaida inabeba 15. Ukiwa na Glock au nyingine, hatua nyingi ni zilezile.

Hatua ya 1: Karatasi

Linganisha nambari iliyochongwa kwenye bastola na iliyoandikwa kwenye cheti, herufi kwa herufi, ukiwa bado dukani. Angalia pia idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo kwa wakati mmoja. Idadi hiyo ndiyo itakayopanga siku yako ya majaribio.

Hatua ya 2: Ishike, itazame

Toa magazini, vuta slaidi (ile sehemu ya juu inayoteleza) nyuma, tazama ndani ya chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, kwa macho kisha uguse kwa kidole. Ndipo uanze kuichunguza.

Kitu cha kwanza utakachokiona kwenye P-07 ni kwamba slaidi inapita ndani ya reli za fremu (kiunzi chenye mpini), si nje kama zilivyo bastola nyingi za siku hizi. Faida yake ni kwamba inatembea laini na haiyumbi. Hasara ni kwamba sehemu ya slaidi unayoweza kuikamata ni nyembamba, na mwenye vidole vyenye jasho au mafuta atapata shida kuikoki, yaani kuivuta nyuma na kuiachia. Usiibane kwa ncha za kidole gumba na cha shahada. Ifunike kwa kiganja kizima kutoka juu, vidole vinne upande mmoja na sehemu ya chini ya kiganja upande wa pili, halafu sukuma fremu mbele kwa mkono ulioshika mpini. Nimeona watu wanaosema "slaidi ni ngumu" wakiikoki bila taabu baada ya kubadilisha hilo tu.

Cha pili ni triga. Hii ina nyundo ya nje. Nyundo ikiwa chini, mvuto wa kwanza ni mrefu na mzito kwa sababu triga inainua nyundo kisha inaiachilia. Baada ya risasi ya kwanza, slaidi inairudisha nyundo nyuma yenyewe, na mivuto inayofuata ni mifupi na myepesi. Kwa hiyo una triga mbili kwenye bastola moja. Jambo hili likumbuke, tutalirudia huko mbele.

Cha tatu ni kile kitufe cha kushushia nyundo. P-07 inakuja nacho kikiwa kimefungwa tayari, na unaweza kukitoa na kuweka kufuli la usalama badala yake. Ushauri wangu ni kukiacha kitufe kilipo. Ukiweka kufuli, siku utakayotaka kuishusha nyundo huku risasi ikiwa chemba itabidi uvute triga na kuizuia nyundo kwa kidole gumba, na mimi sitaki kumwona mwanafunzi wangu yeyote akifanya hivyo. Hata kwa kitufe, mtutu uelekee penye kingo ya udongo inayozuia risasi kila unaposhusha nyundo.

Hatua ya 3: Safisha kabla ya kupiga

Mafuta ya kiwandani ni ya kuzuia kutu safarini na ghalani, si ya kazi. Fungua bastola: vuta slaidi kidogo mpaka alama mbili za nyuma, moja kwenye slaidi na moja kwenye fremu, zilingane, kisha sukuma pini ya kizuizi cha slaidi kutoka upande wa kulia. Pangusa kila kitu, pitisha kitambaa safi ndani ya mtutu, weka tone moja moja la mafuta ya bunduki kwenye reli na mgongoni mwa mtutu pale unaposuguana na slaidi. Basi. Vumbi letu la kiangazi hunata kwenye mafuta mengi, likageuka tope linalosaga chuma. Oili ya gari na mafuta ya kupikia visikaribie.

Hatua ya 4: Risasi na vifaa

Nunua risasi za kiwandani, aina mbili kama mfuko unaruhusu: zenye kichwa cha greni 115 (gramu 7.5 hivi) na za greni 124 (gramu 8). Zilizojazwa upya na mtu usiziweke kabisa kwenye jaribio la kwanza, kwa sababu ikitokea hitilafu hutajua kama umpe lawama aliyejaza au aliyetengeneza bastola. Beba pia risasi bandia tano au sita, miwani, kinga ya masikio, mfuko mdogo wa mchanga, rula, daftari na kalamu ya wino usiofutika. Kwa kalamu hiyo andika 1 na 2 chini ya magazini zako. Bastola ikikwama, sharti ujue ilikuwa na magazini ipi.

Hatua ya 5: Anza na risasi moja

Iwe unakwenda Kirigiti au uwanja mwingine, mwambie msimamizi kwamba bastola ni mpya. Atakupa nafasi ya pembeni na atakuangalia kwa jicho la karibu.

Tia risasi moja tu kwenye magazini, koki, piga. Slaidi inapaswa kubaki nyuma. Rudia kwa magazini ya pili. Kisha risasi mbili mbili, kisha tano tano, na mwishoni magazini iliyojaa. Mpango huu unaonekana wa polepole, lakini triga yenye kasoro ikipiga mbili kwa mvuto mmoja, afadhali zilizomo ziwe mbili kuliko kumi na tano.

Yanayoweza kutokea:

Ukivuta triga na risasi isilipuke, mtutu ubaki kwenye kingo. Subiri sekunde 30 kabla ya kufanya lolote, kwa sababu baruti huweza kuchelewa kuwaka. Kisha toa magazini, koki risasi itoke, na itazame kitako. Alama ya pini inayogonga kitako ikiwa ya kina, tatizo huenda ni risasi. Ikiwa ni mkwaruzo tu, andika daftarini na uangalie kama itajirudia.

Ukisikia mlio hafifu, kama mtu aliyepiga kofi kwenye godoro, SIMAMA. Usikoki upige tena. Kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimenasa ndani ya mtutu, na kinachofuata kitaupasua au kuuvimbisha. Ondoa risasi zote, fungua bastola, tazama mwanga kupitia mtutu.

Ganda likisimama wima kwenye mlango wa kutokea, mara nyingi kifundo cha mkono kililegea. Slaidi isipobaki nyuma baada ya risasi ya mwisho, tazama kidole gumba chako kilipo. Kwenye P-07 kile kizuizi cha slaidi kiko mahali ambapo gumba hupenda kupumzika, na kikigandamizwa hakiwezi kupanda. Kabla hujairudisha bastola dukani, mpe msimamizi apige magazini moja.

Hatua ya 6: Ni bastola au ni mkono?

Hapa ndipo watu hupoteza saa nyingi na risasi za bei ghali, na hapa ndipo nitakapokaa.

Kuna mama mmoja, mfanyabiashara wa nafaka, niliyekuwa naye uwanjani na P-07 mpya. Kutoka mita 10, risasi zake zilikuwa zinaangukia chini upande wa kushoto. Mpwa wake alikuwa amemshauri agonge kilengeo cha nyuma kwa nyundo kielekee kulia.

"Mwalimu, hii wameniuzia iliyopinda," akaniambia.

"Mama, hebu tuiweke mezani kwanza. Tusiihukumu kabla haijajitetea."

Kwa anayetumia mkono wa kulia, chini-kushoto ndipo mahali risasi hupenda kwenda pale mkono unapobana wote kwa pamoja, au unapousubiri mshindo na kuinamisha mtutu nukta moja kabla ya mlipuko. Kwa mtu wa kushoto, ni chini-kulia. Kwa hiyo ukiona hivyo, mshuku mkono kwanza. Lakini kushuku hakutoshi, na vilengeo vya kiwandani wakati mwingine kweli hukaa upande. Tenganisha hivi:

Kaa kwenye kiti, weka mfuko wa mchanga mezani, na uegemeze mikono yako juu yake. Mikono, si bastola. Mtutu au fremu ikigusa meza, namna bastola inavyoruka hubadilika na matokeo yako hayana maana tena. Nyundo iwe nyuma, utumie ile triga nyepesi. Piga risasi tano kwenye karatasi mpya kutoka mita 10, polepole, ukishusha mikono na kupumua kila baada ya risasi. Usitazame matundu katikati ya zoezi. Ukishaona la kwanza limekwenda kushoto, la pili utalisukuma kulia bila kujua, na hapo umeharibu kipimo.

Karatasi ya pili: risasi tano nyingine, lakini safari hii ushushe nyundo kwa kitufe kabla ya kila risasi, ili kila mvuto uwe ule mrefu mzito. Andika "nzito" juu ya karatasi.

Karatasi ya tatu: mtu mwingine mzoefu apige tano kwa triga nyepesi, bastola ileile, risasi zilezile.

Sasa zilaze zote tatu pamoja. Kama kundi la kwanza na la tatu yote yako katikati, na la "nzito" limeteremka chini-kushoto, bastola haina kosa. Karatasi za mama zilikuwa hivyohivyo. Lile la triga nyepesi lingefunikwa na kifuniko cha chupa ya soda, na lile la nzito lilikuwa limetawanyika kama kiganja, lote pembeni. Kama makundi yote matatu yamekaa upande mmoja na kila moja limebana, basi kilengeo ndicho kinachohitaji kusogezwa. Na kama kundi la mezani limetawanyika kwa wote wawili, badilisha aina ya risasi urudie kabla ya kusema neno. Kuna mitutu inayopenda 124 na kuzikataa 115, na kinyume chake.

Kuthibitisha kwamba ni mkono, mwombe mwenzako akujazie magazini akichanganya risasi halisi na bandia bila wewe kuona mpangilio. Ukivuta triga kwenye bandia, hakuna mlio wala mruko, na mtutu ukiinama utauona wewe mwenyewe. Hakuna maneno ya mwalimu yanayoweza kufanya kazi ya hiyo sekunde moja. Mama alipouona mtutu wake ukitumbukia, aliweka bastola chini, akacheka, akasema, "Kumbe ni mimi." Tiba yake ni kuvuta triga bila risasi nyumbani, risasi halisi zikiwa zimefungwa chumba kingine, mpaka ule mvuto mrefu utembee bila kilengeo cha mbele kutikisika.

Ikithibitika ni kilengeo, usigonge kwa kubahatisha. Pima kwa rula umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma. Chukua kosa lililo kwenye karatasi, zidisha kwa umbali huo, gawanya kwa umbali wa shabaha, vyote kwa milimita. Tuseme risasi ziko kushoto kwa mm 60, vilengeo vimeachana mm 150, shabaha iko mita 10, yaani mm 10,000. Jibu ni mm 0.9. Kilengeo cha nyuma kisogezwe kulia kiasi hicho, kwa sababu cha nyuma hufuata upande unaotaka risasi iende. Haifiki hata milimita moja, na ndiyo maana nyundo ya mpwa haifai. Fundi bunduki ana kifaa cha kusukumia taratibu kwa skrubu. Ikiwa kosa ni la juu au chini, hubadilishwa kimo: kilengeo cha mbele kirefu zaidi hushusha risasi, kifupi huzipandisha.

Na kabla ya kumwita fundi, jaribu kulenga kwa njia mbili, ile ya kukalisha shabaha juu ya kilengeo na ile ya kuifunika kwa nukta. Huenda bastola yako imepimwa kwa ile usiyoizoea.

Hatua ya 7: Mbali kidogo

Rudi mita 7 ukiwa umesimama, kisha 15, na ukipenda 25. Sasa piga kama utakavyofanya mazoezi siku zote, ukianza kila mfululizo na nyundo ikiwa chini. Andika aina ya risasi, magazini, umbali na kila kukwama.

Watu wengi hutaja risasi 200 bila kukwama ndipo waiamini bastola. Kwa bei za hapa na kikomo cha cheti, si lazima zote ziishe siku moja. Daftari litakuunganishia. Ila risasi utakazobeba kila siku kwa ulinzi, piga angalau magazini mbili za aina hiyohiyo.

Hatua ya 8: Kabla ya kuondoka

Hesabu zilizobaki, uandike. Nawa mikono na uso kwa sabuni na maji baridi kabla ya kugusa chakula, kwani mabaki ya baruti na risasi zilizopigwa yana madini ya risasi (kwa Kiingereza lead) yenye sumu. Nguo za uwanjani zisifuliwe pamoja na za watoto. Ukifika nyumbani, fungua bastola, safisha, kagua kama reli zina mikwaruzo ya ndani sana au kama kuna chuma kinachong'aa upande mmoja tu, kisha ifungie kwenye sefu.