Ngisi wa Feri: usikubali kusafishiwa

Ukinunua ngisi Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, mwambie muuzaji asikusafishie. Atakushangaa, lakini anavyovitupa yeye ndivyo ninavyovitafuta mimi: nafundisha baiolojia, na somo la visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa mwambani, kwangu huanzia kwenye beseni.

Chukua wawili, mmoja mwembamba mrefu na mwingine mpana, yule mwenye mfupa mgongoni. Macho yawe angavu.

Anza na mwembamba. Shika kiwiliwili, vuta kichwa taratibu; matumbo yatafuata pamoja na kifuko cha wino. Kikipasuka utajua, kwa hiyo shati jeupe liache kabatini. Hesabu mikono: minane mifupi, miwili mirefu ya kukamatia windo. Bonyeza katikati yake, litachomoza domo kama la kasuku. Kisha ingiza kidole upande wa mgongo, uchomoe kile kipande chembamba kinachopitisha mwanga. Wengi hudhani ni plastiki. Ni gamba. Mababu zake walilivaa nje. Kwake limeingia ndani na kupungua mpaka likawa hivyo. Pweza amelipoteza karibu lote, ndiyo maana visukuku vyake ni adimu: mwili laini huoza upesi.

Sasa yule mpana. Chana ngozi ya mgongo, toa mfupa mweupe, uweke majini: unaelea. Ukate kwa wembe, kisha ukuze picha kwa kamera ya simu. Utaona vyumba vyembamba vilivyopangana, vyenye kuta ndogondogo katikati. Mnyama huongeza au kupunguza maji humo, panapobaki pakajaa gesi, naye hukaa kwenye kina anachotaka bila kuhangaika kuogelea. Hapa msiharakishe. Aliyeuelewa mfupa huu ameshamwelewa amonaiti, jamaa wa kale wa ngisi aliyeishi baharini: gamba lililojikunja, vyumba, na mrija unaopita humo. Amonaiti walitoweka takriban miaka milioni 66 iliyopita. Nautilasi, mwenye gamba la vyumba vilevile, bado yupo baharini.

Wa kale wa kwetu wako Lindi. Tendaguru, ambako Wajerumani walichimba dinosaria kati ya 1909 na 1913, kuna pia matabaka ya bahari yenye amonaiti na belemnaiti, ndugu wa kale wa ngisi. Belemnaiti mara nyingi hubaki jiwe refu la mviringo, lililochongoka upande mmoja. Ukiliona, weka sarafu kando kuonyesha ukubwa, piga picha, liache. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda visukuku.

Nyama kata pete: chumvi, kitunguu saumu, limao, moto mkali, dakika 2 tu. Mfupa mpe jirani anayefuga ndege, wadonoe, ni chokaa.