Kuvuna bila kuangamiza viota: ushauri kwa mashamba ya nafaka na mpunga ya kusini mwa Ulaya

Mashamba ya nafaka ya Alentejo nchini Ureno na Extremadura nchini Hispania yana udongo mwembamba na mavuno ya wastani. Mvua hunyesha wakati wa baridi, kisha kuanzia Mei jua hukausha kila kitu. Hata hivyo, Hispania na Ureno ndizo zenye zaidi ya nusu ya ndege aina ya tandawala wakubwa wa Ulaya na Asia waliobaki duniani. Dume huweza kupita kilo 15 na bado akaruka. Kama jamaa yake tunayemjua Serengeti, hutaga chini kabisa, ndani ya ngano au majani. Kwa hiyo maisha ya kinda wake yanategemea sana tarehe ambayo mwenye shamba anaingiza mashine.

Tarehe hiyo ndiyo jambo la kwanza la kurekebisha. Tandawala hutaga Aprili na Mei na kuatamia karibu wiki nne. Kipanga wa Montagu hufika Aprili kutoka Sahel (wenzao wa Ulaya mashariki ndio tunaowaona Afrika Mashariki), hutaga ndani ya shayiri, na makinda yake hayaruki mpaka wafikishe umri wa wiki tano hivi. Hesabu hiyo inawafikisha mwishoni mwa Juni, au hata Julai. Ukikata majani ya hei (malisho ya kukaushwa) au saileji (malisho ya kuvundikwa) mwezi wa Aprili, unapita juu ya mayai. Shayiri inayokomaa mapema ikivunwa mwanzoni mwa Juni, kombaini inawakuta makinda wakiwa na manyoya nusu, na hawakimbii: hujibanza chini.

Kiota cha kipanga unaweza kukipata bila kukanyaga zao. Simama ukingoni mwa shamba asubuhi, utulie. Dume atakuja na panya au panzi kucha zikiwa zimekamata, jike atapaa kumlaki, na chakula kitadondoshwa na kudakwa hewani. Mfuate jike kwa macho mpaka atakapotua. Hapo ndipo penye kiota. Weka alama pembeni, mbali kidogo, wala usiache njia iliyokanyagwa kwenda kwenye kiota kwa sababu mbweha huifuata. Siku ya kuvuna, mwachie kipande cha zao kilichosimama kukizunguka kiota, na ukizungushie wavu wa waya. Kipande kidogo kisicho na wavu katikati ya mabua matupu huonekana kwa mbali, na mbweha na nguruwe pori hukifikia usiku uleule.

Kwa mashine yenyewe: anza katikati ya shamba ukielekea nje, ili wanyama wapate pa kukimbilia. Wanaoanza pembeni wakizunguka kuelekea ndani huwafungia wote kwenye kipande cha mwisho. Usikate usiku, punguza mwendo, na uache mabua marefu. Mabua marefu hubakiza nafaka, mbegu na wadudu, na kondoo nao hupata cha kula kiangazi.

Ardhi iliyolazwa, yaani iliyopumzishwa bila kupandwa, nayo ina thamani kuliko wengi wanavyodhani. Castro Verde, kusini mwa Alentejo, desturi ni kupanda nafaka mwaka mmoja au miwili, kisha kulaza shamba miaka kadhaa likichungiwa kondoo. Mtindo huo ulikuwa unatishiwa na upandaji wa mikaratusi. Shirika la uhifadhi la LPN lilianza kununua ardhi huko 1993, na 2017 eneo hilo likatambuliwa na UNESCO kuwa hifadhi ya biosfia. Tandawala mdogo (spishi nyingine, si kinda) anahitaji mchanganyiko: dume hutaka majani mafupi ili aonekane akijitamba, jike hutaka majani marefu ya kujificha na kiota. Kwa hiyo usilime wala kukata shamba lote lililolazwa kati ya Machi na Julai, na usijaze mifugo mpaka ardhi ibaki kipara. Makinda hula wadudu wiki zao za mwanzo. Kingo za shamba zisipuliziwe dawa.

Kwenye mpunga, suala ni maji. Albufera karibu na Valencia, Hispania, majaruba hufurikishwa tena baada ya mavuno, na bata, kwarara na yangeyange hushinda humo wakiokota punje na wadudu. Ni jambo zuri, lakini si kila wakati. Maji yakifungiwa juu ya mabua mabichi mwezi wa Oktoba, joto likiwa bado lipo, mabua huoza, hewa ndani ya maji huisha na samaki hufa. Afadhali kungoja baridi, au kuyaacha maji yatembee. Delta ya Ebro, pia Hispania, ina tatizo jingine, konokono mvamizi aliyegunduliwa 2009 na anayekula miche. Huko fuata amri za eneo kuhusu kukausha majaruba hata kama ndege watakosa maji. Unapokausha kabla ya kuvuna, acha mfereji mmoja wenye maji kwa ajili ya samaki na vyura.

Camargue, Ufaransa, malalamiko ni heroe wanaoingia usiku kwenye mpunga uliomwagwa karibuni na kuukanyaga. Kupiga baruti huwahamishia kwa jirani tu. Wao hupenda majaruba makubwa yasiyo na miti kandoni. Safu ya miti kwenye kingo huwafanya wapite.

Vidimbwi vinavyojaa wakati wa baridi na kukauka kiangazi usivichimbe viwe vya kudumu. Kukauka ndiko kunakowaondoa samaki wanaokula mayai ya vyura, na humpa taabu kamba mwekundu wa Louisiana, yuleyule aliyeingizwa Ziwa Naivasha, ambaye naye huyala, ingawa hakumwondoi kabisa. Na anayewinda bata akumbuke kuwa tangu Februari 2023 risasi za madini ya risasi zimepigwa marufuku kwenye ardhi oevu za Umoja wa Ulaya.

Ruzuku za mazingira zipo kwa wanaochelewesha kuvuna na kulaza ardhi. Muulize afisa ugani masharti ya tarehe kabla ya kununua mbegu, kwa sababu shayiri inayokomaa mapema itakupangia siku ya kuvuna ambayo mkataba hauruhusu.