Jinsi ya kujiandaa kuvunjwa mawe ya figo kwa mawimbi ya mshtuko

Mgonjwa wa Nairobi akiambiwa kwamba jiwe lake la figo linaweza kuvunjwa kwa mawimbi ya mshtuko, yaani mapigo ya shinikizo yanayotumwa na mashine kutoka nje ya mwili, bila kupasuliwa, mara nyingi huuliza kwanza bei. Ningemsihi atangulize swali jingine: je, jiwe langu ni la kuvunjwa kwa njia hii?

Jibu limo katika skani ya CT, ambayo hufanywa katika hospitali na vituo kadhaa vya Upper Hill na Parklands. Omba ripoti itaje ukubwa wa jiwe kwa milimita, mahali lilipo, ugumu wake kwa kipimo cha Hounsfield, na umbali wake kutoka kwenye ngozi. Jiwe lililo ndani ya figo lisizidi milimita 20; likiwa sehemu ya chini ya figo, ambako vipande hupata shida kupanda na kutoka, ni afadhali lisizidi milimita 10. Ugumu ukipita 1,000 kwa kipimo hicho, au umbali ukizidi sentimita 10, uwezekano wa kufaulu hupungua, na daktari anaweza kupendekeza kamera nyembamba ipitishwe kwenye njia ya mkojo ili jiwe livunjwe kwa leza. Pendekezo hilo lisikuvunje moyo, kwani ni afadhali kutibiwa mara moja kuliko kurudiarudia.

Mgonjwa wa kwanza alitibiwa kwa mawimbi haya mjini Munich, Ujerumani, tarehe 7 Februari 1980, akiwa amezamishwa ndani ya beseni kubwa la maji, kwa mashine ya kampuni ya ndege ya Dornier. Siku hizi mgonjwa hulala mezani, na mto laini wa mashine uliojazwa maji hugusishwa mwilini mwake juu ya jeli. Mabadiliko hayo yamerahisisha kazi, lakini yameleta udhaifu wake: viputo vya hewa vikinaswa kwenye jeli, huzuia mawimbi yasifike kwenye jiwe. Mhudumu makini humimina jeli nyingi kwa rundo moja, moja kwa moja kutoka kwenye chombo, kisha huukandamiza mto juu yake, bila kuipaka kwa mkono.

Kwa maoni yangu, hatua kubwa zaidi imepigwa katika namna ya kuitumia mashine. Mapigo 60 hadi 90 kwa dakika huvunja jiwe vizuri kuliko 120, na kuanza kwa nguvu ndogo inayoongezwa polepole huilinda figo. Kwa hiyo muulize daktari bila haya atatumia kasi gani, hata kama kasi ndogo itarefusha muda wako mezani. Vilevile, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, wanaendeleza mbinu inayotumia milipuko mifupi ya ultrasaundi yenye shinikizo dogo kuliko la mawimbi ya kawaida, kwa matumaini kwamba wagonjwa watatibiwa wakiwa macho.

Kabla ya siku yenyewe, eleza wazi kama una mimba, kwa kuwa tiba hii hairuhusiwi kwa mjamzito. Mkojo upimwe, na maambukizi yakionekana yatibiwe kwanza. Taja pia dawa zote za kuzuia damu kuganda, ikiwemo aspirini, ila usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe, hasa ikiwa una ugonjwa wa moyo. Kuhusu malipo, uliza mapema SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, itagharamia kiasi gani, na kama bei uliyotajiwa inahusu pia awamu ya pili iwapo jiwe halitavunjika lote. Nenda na mtu wa kukurudisha nyumbani, kwani dawa za kutuliza maumivu na usingizi hulegeza mwili.

Baada ya tiba, mkojo kuwa na damu kwa siku moja au mbili ni jambo la kawaida, na maumivu huja na kupoa vipande vinapoteremka. Kunywa maji ya kutosha, kojoa kupitia chujio safi, na uhifadhi vipande kwa ajili ya maabara, maana aina ya jiwe ndiyo itakayoongoza ushauri wa chakula na dawa. Homa, kutetemeka au mkojo kukatika kusisubiri kliniki. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku, kwa sababu figo iliyoziba ikiwa na maambukizi inaweza kuhatarisha maisha. Hata usipohisi chochote, rudi baada ya wiki chache upigwe picha nyingine, kwani kipande kinaweza kuuziba mrija wa mkojo kimyakimya bila kuuma.