Kumpeleka mtoto mchanga kwenye masomo ya kuogelea

Wazazi wengi wa ughaibuni wakishaanza kufikiria jambo hili, swali linalowakereketa si la mtoto. Ni hili: "Na mimi nisiyejua kuogelea, je?" Ingia tu. Masomo ya watoto wachanga hufanyika kwenye kina kifupi, maji yakikufika kiunoni au kifuani, na nyayo zako hazibanduki chini. Ila mwambie mwalimu ukweli siku ya kwanza, asije akakutaka ufanye jambo usiloliweza huku umempakata mtoto. Ukikakamaa kwa hofu, mtoto atajua kabla ya mwalimu.

Umri si kikwazo kikubwa. Kwa mfano, huduma ya afya ya Uingereza inasema mtoto anaweza kuingia bwawani hata kabla ya chanjo zake. Mwenye kusubiri ni mama: damu ya uzazi iwe imekatika kwa siku 7, na kama ulijifungua kwa upasuaji au ulishonwa, uonwe kwanza kliniki.

Kabla ya kulipia chochote, piga simu uulize bwawa lina nyuzi joto ngapi. Kwa mtoto wa chini ya miezi 6, tafuta maji ya nyuzi 32. Mabwawa ya watu wazima huwa ya baridi kuliko hapo, na unaloliona wewe ni burudisho, yeye linamtoa joto mwilini haraka. Siku za mwanzo dakika 10 zinatosha; baadaye ongeza hadi 20, na nusu saa iwe mwisho. Usingoje atetemeke, kwa sababu wachanga hawajui kutetemeka vizuri. Na ukisikia "akigeuka bluu mtoe", kumbuka kwamba kwa ngozi nyeusi rangi hiyo haionekani shavuni. Tazama midomo, ulimi na ufizi. Akinyamaza ghafla, akalegea au akawa baridi kifuani, mtoe, hata kama wenzake ndio kwanza wanaanza wimbo wa pili.

Nepi nayo ina mambo yake. Mimi siku ya kwanza nilimvalisha ile ya kila siku. Ndani ya dakika tano ilikuwa imenyonya maji na kuvimba kama godoro lililoachwa mvuani, na mtoto akawa mzito upande mmoja. Nepi ya kuogelea hainyonyi; kazi yake ni kuzuia choo kikubwa, mkojo unapita. Ndiyo maana unamvalisha ukishafika, si nyumbani. Mabwawa mengine hudai juu yake kuwe na kaptura ya mpira inayobana mapajani. Mtoto akiharisha, msiende kabisa, na hata akipona subirini siku mbili. Kliniki ikisema ni kriptosporidiamu, subirini wiki mbili, maana kijidudu hicho huishi kwenye klorini kwa siku kadhaa.

Ndani ya maji, jishushe mpaka mabega yako yazame ili macho yenu yawe sawa. Mshike chini ya makwapa, akutazame, kidevu chake juu ya maji. Ongea naye kwa Kiswahili hata kama mwalimu anaongea lugha nyingine. Neno moja lilelile kila mnapoanza, "haya, twende", baada ya wiki chache litamwandaa kuliko maelezo yote.

Kuna walimu wanaopenda kuwazamisha. Ni kweli wachanga wana hisia ya asili ya kuziba koo uso ukiingia majini, lakini hufifia kadiri wanavyokua, na haiwazuii kumeza maji. Maji mengi tumboni humdhuru mtoto kwa kupunguza chumvi ya damu. Una haki ya kusema "wa kwangu hapana", na mwalimu mzuri hataudhika.

La muhimu kuliko yote: masomo haya hayamkingi mtoto asizame. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinaona masomo huweza kupunguza hatari kuanzia mwaka 1. Chini ya hapo hakuna ushahidi. Kwa hiyo awe karibu kiasi cha kumgusa muda wote, bwawani na kwenye beseni la nyumbani. Boya la mkononi ni mchezo tu, na lile la kuvisha shingoni liache dukani.

Mkitoka, taulo lenye kofia liwe ukingoni, si kwenye kabati la nguo. Msuuze klorini, mpake mafuta angali na unyevu, mkaushe nywele na masikio. Atakuwa na njaa, kisha usingizi. Kama ni majira ya baridi na mnarudi kwa gari, usimfunge kwenye kiti chake akiwa na koti nene, maana mkanda utakuwa umebana koti, si mtoto. Mfunge kwanza, kisha umfunike blanketi.